Nyaya Mpya Nyuma ya Paneli za Kabini: Klipu, Bomba au Trankingi?

Mwenye boti anayekusudia kubadilisha nyaya za umeme katika kabini hukutana na swali moja kabla hajanunua hata mita moja ya waya: nyaya hizo zitapita wapi? Boti ndogo zenye kabini hapa Kigoma, zile zinazopeleka wageni kwenye hifadhi za Gombe na Mahale au kuhudumia vijiji vya mwambao, kwa kawaida hutumia umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri, na mzigo wake si mkubwa: taa za ndani, taa za safari, pampu ya kufua maji, honi, redio, kipima kina na mahali pa kuchajia simu. Hata hivyo, nyaya za vitu hivyo vichache zikipitishwa vibaya humsumbua nahodha kwa miaka, kwa sababu zimefichwa mahali penye unyevu na mtikisiko, na mara nyingi hakuna anayekumbuka zilikatia wapi.

Njia zinazoshindaniwa ni tatu. Ya kwanza ni kufunga nyaya kwa klipu moja kwa moja kwenye mataruma (mbavu za ndani za boti) na ubavu wa boti, nyuma ya paneli, yaani mbao zinazofunika kuta za kabini, bila kitu kingine cha kuzikinga. Ya pili ni kuzipitisha ndani ya bomba la plastiki, liwe la PVC gumu au lile la mikunjo linalopinda, nalo bomba likalazwa nyuma ya paneli. Ya tatu ni kuziacha paneli zilivyo na kupitisha nyaya ndani ya trankingi, yaani mfereji wa plastiki wenye kifuniko, unaofungwa juu ya uso wa paneli mahali panapoonekana. Kila njia ina mafundi wanaoitetea kwa nguvu, na zote tatu nimezitumia katika boti tofauti, kwa hiyo ninaandika kwa ajili ya yule ambaye amekwisha kusikia ushauri wa mafundi watatu na bado hajui ashike upi.

Vigezo vya kupimia

Ninavipanga vigezo kwa uzito wake, na uzito huo nilifundishwa na ziwa lenyewe. Usiku mmoja wa mvua za Machi tulikuwa tunarudi kutoka kijiji cha Mwamgongo, na kijana aliyekuwa akinisaidia aliinua ubao wa sakafu akaniambia, "Mzee, pampu imenyamaza na maji yamefika kwenye miguu ya betri." Fyuzi ilikuwa nzima. Tulifua maji kwa ndoo kwa zamu hadi Kibirizi. Kulipokucha tukakuta kwamba karakana iliyotujengea kabini ilikuwa imeikaza paneli ya ubavuni kwa skrubu na kuigundisha kwa silikoni juu yake, hivyo plaiwudi ilipasuka katikati tulipoing'oa. Nyuma yake, pale waya wa pampu ulipotoboa taruma la tatu, ukingo wa tundu ulikuwa umeukwaruza kama tupa. Ganda la waya lilikuwa limelika kwa upana usiozidi ukucha wa kidole gumba, na ndani yake zilibaki nyuzi mbili tatu za shaba, za kijani, zilizovunjika nilipozigusa. Kuunganisha upya kulichukua dakika kumi. Kufika pale kulichukua asubuhi nzima na paneli moja.

Tangu siku hiyo kigezo changu cha kwanza ni urahisi wa kuufikia waya siku utakapoharibika. Cha pili ni namna njia hiyo inavyohimili maji na mvuke. Cha tatu ni mtikisiko na msuguano. Kisha hufuata gharama na muda wa kazi, nafasi ya kuongeza nyaya baadaye, na mwisho mwonekano. Wapo watakaovipanga kwa namna nyingine, hasa wenye boti za wageni ambao hutanguliza mwonekano, na hawana kosa. Muhimu ni kwamba kila mtu aupange mpangilio wake kabla hajaingia dukani.

Yasiyobadilika kwa njia yoyote

Kuna mambo ambayo hayategemei kama umechagua klipu, bomba au trankingi, na ni vizuri yatangulie ili yasichanganywe na ulinganisho wenyewe.

Waya wa botini lazima uwe wa shaba yenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene, ambao maduka ya Mwanga hapa mjini yamejaa kwa sababu ndio unaotumika majumbani, huchoka kwa mtikisiko wa injini na hatimaye hukatika ndani ya ganda lake, mahali ambapo jicho halioni kitu. Waya bora zaidi ni ule ambao nyuzi zake zimepakwa bati, lakini huo kwa kawaida huagizwa kutoka Dar es Salaam. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yenye tabia ya alkali kidogo, na hayali shaba kwa kasi ya maji ya bahari, kwa hiyo waya wa kawaida wenye nyuzi nyingi unaweza kudumu ikiwa miisho yake imebanwa vizuri na kuzibwa kwa mpira unaojikaza kwa joto. Maoni yangu ni kwamba aliye na fedha ya kuagiza waya wa bati kwa sehemu tu ya kazi aanze na pampu na taa za safari.

Unene wa waya uchaguliwe kwa hesabu. Chukua pampu inayokula ampea 5, iliyo mita 6 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu unaohesabiwa ni mita 12. Waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza karibu volti 0.7 njiani, wa 2.5 utapoteza volti 0.42, na wa 4 utapoteza takriban 0.26. Baraza la ABYC la Marekani, ambalo viwango vyake hufuatwa na wajenzi wengi wa boti, hutaka upotevu usizidi asilimia 3 kwa vifaa vya usalama kama taa za safari, na asilimia 10 kwa vile visivyo vya lazima. Asilimia 3 ya volti 12 ni volti 0.36. Nikiihesabu pampu kuwa kifaa cha usalama, basi inahitaji waya wa milimita za mraba 4, ingawa wengi tuliozoea kufanya kazi kwa macho tungeifunga kwa 1.5 na kushangaa kwa nini inanguruma bila kutoa maji ya kutosha.

Fyuzi iwekwe karibu na betri kadiri inavyowezekana. ABYC hutaka iwe ndani ya inchi 7 kutoka chanzo cha umeme, ikiruhusu urefu zaidi pale tu waya unapokuwa umekingwa njia nzima. Fyuzi hiyo inaulinda waya usishike moto, kwa hiyo ukubwa wake haupaswi kuzidi uwezo wa waya, hata kama kifaa kilichoko mwisho wa njia kingestahimili zaidi. Maungio yoyote yasiwekwe katika chumba cha tangi la petroli, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini, pale pale ambapo mtu hupenda kuficha maungio. Ikiwa boti ina inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, inayotoa volti 230, nyaya zake zisichanganywe na za volti 12 katika fungu moja, bomba moja wala mfereji mmoja.

Kuufikia waya siku ya hitilafu

Klipu nyuma ya paneli ni njia bora au mbaya kabisa kwa kigezo hiki, na kinachoamua ni paneli. Ikiwa paneli zimeshikwa kwa skrubu chache zinazoonekana, ukizifungua unauona waya wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, unaupitishia vidole, unakuta palipolika na unaparekebisha papo hapo. Hakuna njia nyingine inayoonyesha waya waziwazi namna hiyo. Lakini paneli zikiwa zimegundishwa, au boti ikiwa ya faiba yenye ganda la ndani lisilotoka, utakuwa umeuzika waya mahali usipoweza kuufukua bila msumeno.

Bomba halikuonyeshi waya, ila linakuwezesha kuutoa. Unafungua boksi lililo mwanzo wa bomba na lile lililo mwisho wake, unafunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, unauvuta, na mpya unaingia bila paneli hata moja kuguswa. Haya hutimia kwa masharti. Kati ya boksi na boksi zisizidi kona mbili, kona ziwe za mviringo mpana, na ndani ya bomba pasiwe na kiungo chochote cha waya. Nimewahi kuvuta waya uliokuwa na kiungo kilichofungwa tepu nyeusi katikati ya bomba: kiungo kilikwama kwenye kona, kikaachia, na nusu ya waya ikabaki ndani. Bomba la namna hiyo lilituletea tabu kuliko ambavyo klipu zingetuletea.

Trankingi inashinda kwa haraka. Kifuniko hutolewa kwa kidole au kwa ncha ya bisibisi, hata boti ikiwa katikati ya ziwa na mwanga pekee ukiwa wa simu. Kwa boti inayokwenda Mahale, takriban kilometa 128 kusini mwa mji wa Kigoma, ambako hakuna fundi wa kupigiwa simu njiani, jambo hili lina thamani kubwa sana. Kwa boti inayokwenda Gombe, kilometa 16 hivi kutoka mjini, na kurudi siku hiyo hiyo, thamani hiyo inapungua.

Maji na mvuke

Watu wengi hudhani kwamba adui wa nyaya ni wimbi linaloingia kwa mlango. Wimbi huonekana na hufutwa. Maji yanayoharibu nyaya ni yale yanayopenya taratibu kwenye fremu za madirisha na matundu ya skrubu za sitaha, pamoja na umande unaojiunda nyuma ya paneli usiku, hewa yenye joto ya kabini inapogusa ubavu wa boti uliopoa. Nyuma ya paneli hakuna upepo wala jua, kwa hiyo tone linaloingia hapo hukaa.

Waya wa klipu hulowa, lakini pia hukauka, kwa kuwa hewa inauzunguka pande zote. Hatari yake ni kwamba tone huteleza juu ya ganda la waya kama linavyoteleza kwenye kamba ya kuanikia nguo, likaenda moja kwa moja hadi kwenye swichi au tamino (mahali waya unapofungwa kwenye kifaa). Dawa yake haigharimu kitu: kabla waya haujaingia kwenye kifaa, uache ushuke chini kidogo kisha upande, ili tone lidondokee kwenye kile kitanzi. Jambo jingine la kuangalia ni lile povu jeupe jepesi, la aina ya linalofungashiwa friji na televisheni, ambalo baadhi ya wajenzi hulijaza nyuma ya paneli ili boti isizame. Ganda la PVC la waya likigusana na povu hilo kwa muda mrefu hupoteza ulaini wake, hukakamaa na kupasuka. Mahali penye povu hilo klipu tupu hazifai, isipokuwa nyaya ziwe zimetenganishwa nalo.

Bomba huzuia matone na povu, na kwa sababu hiyo watu huliamini kupita kiasi. Umande hujiunda ndani ya bomba pia, na maji yakiingia kwa upande mmoja hutafuta sehemu ya chini na kutulia hapo. Siku moja nilikata bomba lililokuwa limelegea kati ya mataruma mawili na kutengeneza tumbo, nikamimina kutoka humo karibu nusu kikombe cha maji ya rangi ya chai. Nyaya zilikuwa zimelala ndani ya maji hayo kwa muda nisioujua. Bomba la botini lazima lilazwe kwa mteremko, na mahali pake pa chini kabisa patobolewe tundu dogo la milimita 5 au 6 linaloangalia chini, ili maji yatoke. Fundi aliyezoea nyumba hatalitoboa tundu hilo bila kuambiwa, kwa sababu ukutani mwa nyumba halihitajiki.

Trankingi iko ndani ya kabini, mbali na ubavu wenye umande, na hilo ni jema. Lakini haizuii maji yanayorushwa, nayo hugusana na nguo mbichi, mizigo na mikono ya abiria. Ikifungwa chini ya dirisha linalovuja hugeuka kuwa mfereji wa maji kwa maana halisi ya neno. Ifungwe juu, karibu na dari, na pale inaposhuka kwenda kwenye swichi ishuke ikiwa imesimama wima, isilazwe mahali ambapo maji yanaweza kusimama.

Kwa njia zote tatu, nyaya zipite juu ya kimo ambacho maji ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, yanaweza kufikia. Waya wa pampu peke yake ndio unaolazimika kushuka, na kiungo chake kiwe juu kadiri waya wa pampu unavyoruhusu.

Mtikisiko na msuguano

Viwango vya kimataifa vya boti ndogo hutaka waya ushikiliwe angalau kila milimita 450, na vya Marekani husema inchi 18, ambazo ni karibu sawa na hizo. Kwa mkono wa mtu mzima, huo ni urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Katika boti nyingi nilizozifungua hapa, waya umeshikwa mara moja kwenye betri na mara moja kwenye taa, na katikati unaning'inia ukipiga paneli kila wimbi linapopita. Upepo wa kusini wa kiangazi, ule wa kati ya Mei na Septemba, unapolichafua ziwa, waya wa namna hiyo hujisugua maelfu ya mara kwa safari moja.

Hapa ndipo klipu inapodai kazi ya uangalifu zaidi. Klipu za kugandisha kwa gundi zisitumike, kwani joto la mchana boti ikiwa imepandishwa ufukweni huilainisha gundi na klipu huanguka moja baada ya nyingine. Zitumike za skrubu, na kila tundu linalopitisha waya kwenye taruma livishwe pete ya mpira. Pasipo pete ya duka, kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu na kuvishwa kwenye ukingo wa tundu kinafanya kazi hiyo vizuri. Laiti tundu la taruma langu la tatu lingevishwa kipande kama hicho.

Ndani ya bomba nyaya hazigusi ukingo wowote isipokuwa pale zinapoingia na kutoka, hivyo miisho ya bomba isafishwe kwa msasa hadi isikwaruze ngozi ya kidole. Bomba lenyewe nalo linahitaji vishikizo, la sivyo litapiga kelele usiku kucha. Bomba gumu lililounganishwa kwa gundi hupasuka kwenye maungio pale ubavu wa boti unapojipinda kwa mawimbi. La mikunjo huvumilia zaidi, ila ni vigumu kuvutia waya ndani yake, na tumbo la maji nililolieleza hapo juu hujiunda kwa urahisi zaidi. Kwa mabavu ya mbao yenye mataruma yaliyo karibu karibu mimi hutumia gumu, na kwa faiba hutumia la mikunjo, nikiongeza vishikizo.

Trankingi haina msuguano mkubwa kwa nyaya, kwani uso wa ndani ni laini, lakini kifuniko chake hufyatuka boti inapopiga mawimbi kwa nguvu, na gundi ya mgongoni haitoshi kuishika kwenye paneli iliyopakwa vanishi. Ikazwe kwa skrubu fupi zisizotokeza upande wa pili wa paneli, na nyaya zifungwe pamoja ndani yake kila hatua fupi ili kifuniko kikianguka zisimwagike.

Niongeze neno kuhusu panya. Boti inayobeba dagaa, hata mara moja kwa wiki, ina panya, na panya huishi nyuma ya paneli. Waya wa klipu uko wazi mbele ya meno yake. Bomba gumu ndilo kinga nzuri kuliko zote, mradi miisho yake imezibwa au imeingia kwenye boksi. Kwa boti ya dagaa ningekiweka kigezo hiki juu ya mwonekano na hata juu ya gharama.

Gharama na muda wa kazi

Kwa vifaa peke yake klipu ni nafuu kuliko zote, kisha trankingi, kisha bomba pamoja na maboksi na viungo vyake, ingawa tofauti hizo ni ndogo zikilinganishwa na bei ya shaba yenyewe. Gharama kubwa ni siku za kazi. Klipu na bomba zote zinadai paneli zitolewe na kurudishwa, na kwa kabini ya kawaida hiyo ni kazi ya siku kadhaa ukihesabu skrubu zilizokatika na plaiwudi iliyovimba. Trankingi inaweza kumalizika kwa siku moja na boti ikarudi majini.

Kuna gharama iliyojificha katika urefu wa njia. Waya wa klipu hufuata mstari mfupi kabisa. Trankingi hufuata pembe za kabini, na bomba hufuata kona pana. Ile pampu ya mita 6 inaweza kuwa ya mita 8 kwa njia ya trankingi. Waya wa milimita za mraba 4 utapoteza hapo karibu volti 0.35, bado ndani ya kipimo, lakini wa 2.5 utafikia volti 0.56 na kuvuka mbali. Anayepanga trankingi aupime kwanza urefu halisi kwa kamba, ndipo achague unene wa waya.

Kuongeza nyaya baadaye

Bomba lililoachiwa kamba ya kuvutia ndani yake halina mpinzani katika hili. Lisijazwe zaidi ya asilimia 40 ya nafasi yake: bomba la milimita 20 hupitisha nyaya 6 za milimita za mraba 2.5 kwa raha, na anayetarajia taa zaidi achukue la milimita 25. Kubana nyaya nyingi pamoja pia huzizuia kupoa, jambo linalohusu zaidi nyaya zinazobeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu, kama za inveta. Trankingi huongezewa waya kwa dakika chache ikiwa ilinunuliwa pana kidogo. Klipu hukudai ufungue paneli tena.

Mwonekano

Klipu na bomba havionekani. Trankingi huonekana, na katika kabini ya mbao iliyopigwa vanishi haipendezi, ila ikipita kwenye pembe ya dari na kupakwa rangi ya paneli, mgeni wa kawaida hataiangalia mara mbili.

Kuchagua kulingana na hali yako

Ikiwa paneli zako zote ziko chini sasa hivi, kwa sababu boti inajengwa au inakarabatiwa, hiyo ni nafasi ambayo huenda isirudi kwa miaka mingi, na bomba linastahili kufikiriwa kwanza, hasa ikiwa boti inabeba dagaa au unatarajia kuongeza vifaa. Ikiwa fundi aliye karibu nawe hajawahi kuvuta waya katika bomba lenye mteremko na tundu la kutolea maji, simama naye kazini siku hiyo. Bomba lililolazwa vibaya ni baya kuliko klipu zilizofungwa vizuri.

Ikiwa paneli zinatoka kwa skrubu na wewe mwenyewe una mazoea ya kuzifungua kila unapopandisha boti, klipu zitakutumikia vyema, na utakuwa na faida ya kuuona waya wote kwa macho yako. Njia hii inamfaa mwenye boti anayefanya matengenezo yake mwenyewe. Haimfai anayekodisha boti kwa wengine na kuiona mara moja kwa mwaka.

Ikiwa paneli zimegundishwa, au kabini ni ya faiba yenye ganda la ndani, usianze kuzipasua kwa ajili ya taa mbili na chaji ya simu. Trankingi ya pembeni mwa dari itakidhi haja. Ndivyo pia kwa boti ya safari ndefu inayolala Mahale au mbali zaidi kusini, ambayo nahodha wake lazima aweze kurekebisha hitilafu peke yake usiku.

Mwenye boti ya wageni anayetaka kabini safi isiyo na plastiki ukutani anaweza kuchanganya: bomba moja kubwa lipite ubavuni kutoka kwenye betri hadi kwenye bodi ya swichi, na kutoka hapo matawi mafupi ya taa yafungwe kwa klipu nyuma ya paneli zenye skrubu za shaba nyeupe zinazoonekana na kufunguka. Mchanganyiko huu ndio ulio katika boti yangu ya sasa. Ulinigharimu siku mbili zaidi, na umenifaa kwa shughuli zangu, ambazo ni safari fupi na ukaguzi wa mara kwa mara.

Kwa kuwa vyombo vidogo vya majini viko chini ya usimamizi wa TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ni vema pia kumuuliza mkaguzi mapema kuhusu matakwa ya chombo cha aina yako kabla paneli hazijarudishwa, kwani kuzifungua tena baada ya vanishi kukauka ni hasara isiyo ya lazima.

Njia yoyote utakayoishika, waya wa pampu ya kufua maji uupe njia yake peke yake, wenye fyuzi yake karibu na betri, na mahali unapotoboa kila taruma pawe nyuma ya kipande kidogo cha paneli kinachofunguka kwa skrubu nne. Kabla ya kukirudisha kipande hicho, weka alama kwenye miisho yote miwili ya kila waya, lalaza futi kamba ubavuni, upige picha za ukuta mzima ukiwa wazi, kisha mimina ndoo mbili za maji ngamani na uiache pampu ifanye kazi mpaka iyamalize.